MEKO YA ZAMANI, NA NAMNA YA KUYATENGENEZA UPYA

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mithali hii ya wazee wetu yafaa kukumbukwa na kila mtu atengenezaye nyumba yake siku hizi. Tukipita Madale, na Goba, na Wazo, hata upande wa pili wa mji katika Temeke, twaona kazi nyingi za ujenzi. Huyu anaondoa mabati yaliyoshika kutu na kuezeka mapya. Yule anatandaza vigae sakafuni. Mwingine anapiga rangi kuta za mbele hata zinang'aa. Lakini ukizunguka nyuma ya nyumba mara nyingi utakuta kibanda cha jiko ambacho fundi hakukigusa. Kuta zake ni nyeusi kwa masizi, mafiga yake yamepasuka, majivu yametapakaa, na moshi umejaa hata mtu haoni kilichomo chunguni. Mgeni hukaribishwa sebuleni. Mama wa nyumba hushinda motoni.

Watu wengi hudhani ya kuwa ubaya wa meko ni ubaya wa kutazamwa tu. La, sivyo. Weusi ule wa ukutani ni alama. Masizi ni kuni ambazo hazikuungua sawasawa, yaani ni fedha ya mwenye nyumba iliyopanda hewani ikaganda ukutani. Na yale yaliyoganda ukutani ndiyo yale yale yaliyoingia vifuani mwa watu. Basi meko yakitengenezwa vema, uzuri wake, na afya ya watu, na akiba ya kuni huja pamoja. Bali yakipakwa rangi tu, baada ya mwezi mmoja weusi hurudi.

Shirika la Afya la Dunia limekadiria ya kuwa katika mwaka 2020 watu kama milioni 3.2 walikufa kwa maradhi yaletwayo na moshi wa majumbani, na katika hao watoto wenye umri chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000. Maradhi hayo ni kichomi cha watoto, ugonjwa wa moyo, kiharusi, na magonjwa ya mapafu ya watu wazima. Tena wanaoumia zaidi ni wanawake wapikao na watoto wadogo wabebwao mgongoni wakati wa kupika. Mtu asiseme, "Mama yangu alipika kwa moshi maisha yake yote wala hakudhurika." Na amwulize mama yake habari za kikohozi cha alfajiri na macho yatokayo machozi.

Tusiwadharau wazee kwa sababu ya meko yao. Mafiga matatu yalikuwa na hekima yake. Hayana gharama, hupokea chungu kidogo na chungu kikubwa, na huhamishika. Moshi wake ulifukuza wadudu katika makuti na kuhifadhi mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya moto. Lakini leo nyumba nyingi za Madale zimeezekwa mabati, wala mabati hayaliwi na wadudu. Na mbegu huweza kutunzwa ndani ya chombo kikavu chenye kifuniko kizuri. Faida ya moshi imepungua, na hasara yake imebaki pale pale.

KWA NINI MAFIGA HUPOTEZA JOTO

Moto wa mafiga hupigwa na upepo pande zote. Katika kila sehemu 10 za joto la kuni, sehemu kama 8 au 9 hupotea: nyingine hupeperushwa, nyingine huingia ardhini, nyingine huota kuta. Sehemu ndogo tu huingia chunguni. Kwa hiyo kazi ya meko mapya ni mbili: kuzichoma kuni hata moshi wenyewe uungue, na kulilazimisha joto lipite karibu na chungu kabla halijatoroka.

Shida hii si yetu peke yetu. Katika nchi za baridi watu hujenga meko ndani ya ukuta wa sebule ili waote moto, na hayo nayo zamani yalijaza moshi vyumbani. Bwana mmoja jina lake Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts katika Marekani, ambaye baadaye alipewa cheo akaitwa Count Rumford, alichapisha mwaka 1796 maelezo ya kuyarekebisha. Hakuwaambia watu wa London wabomoe nyumba zao. Aliyapunguza kina meko yao, akaziinamisha kuta za pembeni ili zirudishe joto chumbani, na akalifanya jembamba koo la dohani ili moshi upande kwa nguvu. Kazi hiyo ilihitaji matofali na chokaa na fundi mwashi mwenye akili. Hili ni fundisho kubwa: kuyatengeneza meko mabaya si lazima kuwe kazi ya tajiri.

Fundisho la pili latoka Guatemala. Baada ya tetemeko kubwa la nchi katika mwaka 1976, watu wa huko walifundishwa kujenga jiko la udongo na mchanga liitwalo Lorena, jina lililotokana na maneno mawili ya Kispania, tope na mchanga. Lilikuwa zuri kutazama, na dohani yake iliondoa moshi chumbani. Lakini lilipopimwa baadaye ilionekana ya kuwa mara nyingine lilikula kuni nyingi kuliko moto wa wazi. Sababu ilikuwa nini? Udongo mnene na mzito hunywa joto kama mchanga unywavyo maji. Kuni za kwanza hupasha jiko, si chakula. Katika miaka ya 1980 Bwana Larry Winiarski wa Marekani alieleza njia bora: tumbo la moto liwe jembamba na refu kwenda juu, nalo lizungukwe na kitu chepesi chenye vitundu vya hewa, kama majivu makavu, ili joto lisiibiwe na ukuta. Katika Kenya nako, mapema katika miaka hiyo hiyo, jiko la mkaa la bati lilitiwa chungu cha udongo ndani yake, kwa kufuata mfano wa jiko la Thailand, nalo likaenea sana kwa kuwa lilipunguza mkaa.

KABLA HUJASHIKA SURURU

Jambo la kwanza ni kumwuliza mwenye jiko. Kijana akioa husemwa amepata jiko. Basi si adabu baba wa nyumba kuja na fundi na kuvunja jiko ambalo yeye halipiki. Aulizwe mama, na bibi kama yupo: sufuria zao kubwa ni zipi, wapenda kupika wamesimama au wameketi, ugali wa watu wengi husongwa mahali gani. Meko yasiyofuata chombo cha mpishi yataachwa baada ya juma moja, na mafiga yatarudishwa uani.

Jambo la pili ni upepo. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kusi hutoka kusini-mashariki, na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Zote mbili hutoka upande wa bahari. Basi kibanda cha jiko kikiwa upande wa magharibi wa nyumba, pepo zote mbili huuchukua moshi mbali na vyumba vya kulala. Kikiwa upande wa mashariki, mwaka mzima mnalala na moshi. Kama kibanda kimekwisha kujengwa mahali pabaya, walau dohani iwekwe pembe iliyo mbali na madirisha ya nyumba, nanyi mfikirie pia madirisha ya jirani.

Jambo la tatu ni wakati. Kazi ya udongo haipatani na masika. Ianzwe katika miezi ya kipupwe, tangu Juni hata Septemba, maana meko yakiwashwa moto mkali kabla hayajakauka, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kuyapasua.

VIFAA, NA ONYO LA JIWE LA PWANI

Hapa twataka wasomaji watusikilize sana. Madale na Wazo ni nchi ya jiwe la matumbawe, na mtu huona rahisi kuokota mawe hayo na kuyapanga motoni. Asifanye hivyo. Wazee wa pwani walipata chokaa kwa kuyarundika matumbawe juu ya magogo na kuyachoma. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, kilichoanza kutoa saruji mwaka 1966, chatumia mawe ya chokaa ya kilima hicho hicho. Jiwe ambalo moto hulifanya chokaa litakuwaje ukuta wa moto? Litalika pole pole na kumomonyoka ndani ya chakula. Tena jiwe lililonyonya maji huweza kupasuka kwa kishindo na kurusha vipande usoni mwa mpishi.

Saruji nayo ina mahali pake. Yafaa kwa msingi na kwa ukuta wa nje, lakini ndani ya tumbo la moto hupasuka na kubomoka. Mahali panapoguswa na ndimi za moto patumike matofali ya kuchoma, au udongo wa mfinyanzi, au udongo wa kichuguu uliochekechwa. Kipimo cha kuchanganya udongo na mchanga hakiwezi kuwa kimoja kila mahali, maana udongo wa Madale si udongo wa Pugu. Fanyeni matofali madogo matatu ya majaribio: moja lenye mchanga kidogo, la pili zaidi, la tatu zaidi tena. Yakaushwe kivulini. Lililopasuka lina udongo mwingi. Lipukutikalo mkononi lina mchanga mwingi. Lililobaki zima na gumu ndilo la kufuata. Kwa kitako cha moto, changanyeni udongo na unga wa mbao au makapi ya mpunga. Hayo yakiungua huacha vitundu vya hewa, na tofali huwa jepesi, lisilonywa joto.

NAMNA YA KUJENGA

Kwanza, acheni meko ya zamani yapoe siku mbili, kisha ondoeni mafiga na majivu yote. Majivu makavu yachekechwe na kuwekwa akiba, yana kazi mbele. Kuta zisuguliwe masizi kwa brashi kavu, huku mwenye kazi amefunga kitambaa puani, kisha zioshwe kwa maji na sabuni. Anayepaka rangi juu ya masizi ataona madoa ya kahawia yakitokea tena.

Pili, jengeni jukwaa la matofali. Mpishi aketiye atake lililo chini kidogo ya goti. Asimamaye atake lifikalo karibu na kiuno. Jukwaa laokoa mgongo wa mama, nalo laokoa watoto. Moto ulioko chini sakafuni ndio umwunguzao mtoto atambaaye.

Tatu, jengeni tumbo la moto. Mlango wa kuni uwe na upana wa sentimeta 12 na kimo cha sentimeta 12, usizidi sana. Watu hupenda mlango mpana ili wasukume kinga zima. Lakini mlango mpana huingiza hewa baridi nyingi na kupoza moto. Kutoka mlangoni njia iende ndani kidogo, kisha ipande wima. Toka kitako cha moto hata chini ya sufuria pawe na sentimeta kama 30. Katika njia hiyo ya kupanda ndimo moshi huungua. Mlangoni wekeni kipande cha bati nene kama rafu, kuni zilale juu yake, na hewa ipite chini yake ikawafikie makaa.

Nne, acheni nafasi kati ya tumbo la moto na ukuta wa nje, mkaijaze yale majivu makavu yaliyochekechwa. Majivu hulishika joto lisitoroke, kama blanketi.

Tano, kalio la sufuria. Sufuria izame ndani ya tundu lake, isiketi juu juu tu. Iinuliwe na vifundo vitatu vya udongo, na pembeni yake pabaki nafasi ya sentimeta 1 pande zote, moto upite hapo ukilamba mbavu za sufuria. Nafasi ikizidi, joto hupita bure. Ikipungua mno, moshi hurudi mlangoni. Kwa sufuria ndogo fanyeni pete ya udongo ya kuziba tundu. Juu kabisa, ukingo wa tundu uibane sufuria, ili moshi usipate njia ila ile ya dohani.

Sita, dohani. Bomba lenye upana wa sentimeta 10 litoke nyuma ya kalio la sufuria, lipande hata lipite kilele cha paa kwa sentimeta kama 60, nalo lifunikwe kofia ya bati kuzuia mvua. Hewa moto ni nyepesi, hupanda. Na bomba likiwa refu na la moto, huvuta kwa nguvu. Paa likiwa la makuti, bomba lisipenye makuti hata kidogo. Litolewe ukutani, lipande nje mbali na ukingo wa paa. Cheche moja yatosha kuteketeza nyumba na ya jirani. Hata pakiwa na dohani, dirisha la jiko lisizibwe, maana hewa itokayo lazima ipate hewa nyingine ya kushika mahali pake.

Saba, subirini. Meko yakae kivulini juma mbili au tatu. Nyufa ndogo zizibwe kwa udongo mwepesi. Kisha uwashwe moto mdogo wa vijiti, kila siku ukiongezwa kidogo.

UZURI WAKE

Sasa ndipo uje uzuri. Ukuta wa nje wa meko upigwe lipu laini ya udongo mwekundu, au upakwe chokaa nyeupe. Chokaa huvumilia joto na huonyesha uchafu mapema. Vigae vilivyobaki sebuleni vyafaa sana kubandikwa juu ya jukwaa na ukutani nyuma yake, maana hufutika kwa kitambaa. Lakini visiwekwe ukingoni mwa mlango wa kuni wala penye kalio la sufuria, vitabanduka. Rangi ya mafuta isitumike karibu na moto, hunuka na kufanya malengelenge. Pembeni jengeni shubaka la kukaushia kuni, na rafu ya vyombo. Jiko likiwa jeupe, mpishi huona mende, huona panya, na huona mahali chakula kilipomwagika.

KUJARIBU NA KUTUNZA

Msikubali sifa za fundi bila kupima. Kabla ya kuvunja meko ya zamani, pimeni kuni kwa mizani, chemsheni lita 5 za maji, kisha pimeni kuni zilizobaki. Meko mapya yakiisha kukauka, fanyeni vivyo hivyo kwa sufuria ile ile. Kama kuni hazikupungua, mwiteni fundi atazame nafasi ya pembeni ya sufuria, maana mara nyingi kosa liko hapo.

Kuni ziwe kavu na zimepasuliwa nyembamba. Mti mbichi huenda nusu ya uzito wake ni maji, na moto hauwezi kupika hali umeshughulika kukausha mti. Dohani isuguliwe kila mwezi, na majivu yaondolewe kila siku.

Wengi wa Madale leo wana na mtungi wa gesi pamoja na meko. Serikali nayo katika Mei 2024 ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema, na awezaye kupika kwa gesi au umeme kila siku na afanye hivyo, maana hata meko bora ya kuni hayalingani nayo kwa usafi. Lakini nyumba nyingi bado hupika maharage na makande kwa kuni, au hurudia kuni fedha ya gesi ikipungua. Basi meko yasiachwe mabaya kwa kuwa mtungi upo. Ila mtungi na moto wa kuni visikae chumba kimoja. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni kama maji hata ikute moto. Na mkaa nao usilazwe chumbani milango imefungwa. Hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini.

Jifya moja haliinjiki chungu. Fundi ana sehemu yake, baba ana sehemu yake katika kutoa fedha, na mama ana sehemu yake katika kusema lifaalo. Watatu hao wakishauriana, jiko lililokuwa aibu ya nyumba laweza kuwa mahali ambapo mtoto huketi karibu na mama yake akasoma kitabu chake, wala macho yasimwume. Kipupwe kikifika, msingoje mwaka mwingine.